Kinahusu nini, na ni kitu gani? Namna ya kusoma katalogi ya maktaba ya chuo

Wanafunzi wengi wa vyuo walio likizo kijijini, pamoja na wale wanaosoma kwa masafa, hutafuta vitabu kwa simu kabla ya kupanda basi kwenda maktaba. Hapo ndipo hasara inapoweza kuanzia. Unalipa nauli, unafika kaunta, kisha unagundua kitabu ulichokichagua si ulichokihitaji. Ulitaka tamthilia, umepewa kitabu cha kuichambua. Au kitabu kipo kwenye mtandao tu, na ungeweza kukisoma ukiwa nyumbani. Katika makala haya tunaeleza maneno machache ya katalogi yanayoweza kukuokolea safari hiyo.

Mfano wa redioni

Tuanze na kazi tunayoijua. Tuseme studio ina rekodi tatu kuhusu mahindi. Ya kwanza ni mahojiano na bwana shamba, ya pili ni mchezo wa redio kuhusu ndugu wanaogombea shamba, na ya tatu ni taarifa ya bei za sokoni. Zote zinahusu mahindi, lakini si kitu kimoja. Tukiandika "mahindi" peke yake, mtangazaji wa zamu anaweza kurusha mchezo wakati wa bei za soko. Kwa hiyo inatubidi tuandike mambo matatu: rekodi inahusu nini, ni kipindi cha aina gani, na imehifadhiwa kwenye nini, yaani kanda, diski au faili la kompyuta.

Maktaba za vyuo hufanya vivyo hivyo. Jambo la kwanza tuliite mada, la pili utanzu au aina, na la tatu umbo.

Kitabu kimoja, majibu matatu

Chukua Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Mada yake ni Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Utanzu wake ni tamthilia. Umbo lake ni kitabu cha karatasi.

Sasa weka pembeni yake kitabu cha historia ya vita hivyo. Mada ni ileile, aina ni nyingine. Ongeza kitabu cha mhakiki anayezichambua tamthilia za Ebrahim Hussein. Humo tamthilia ndiyo mada, lakini kitabu chenyewe ni uhakiki. Mtu asiyezijua tofauti hizi huviona vyote vitatu vikija pamoja kwenye simu yake.

Orodha hizi zimetoka wapi?

Vyuo vingi duniani hutumia maneno yaliyopangwa na Maktaba ya Kongresi ya Marekani. Maktaba hiyo ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, inayokusanya machapisho ya Afrika Mashariki na nchi nyingine za Afrika.

Kwa miaka mingi mada na aina zilikaa katika orodha moja. Mwaka 2007 maktaba hiyo ilianza kutenga orodha ya aina peke yake. Ilianza na filamu na vipindi vya televisheni, na baadaye ikaingiza vipindi vya redio, ramani, sheria, muziki na fasihi.

Ndani ya kompyuta kila jambo lina chumba chake. Katika mfumo uitwao MARC, uliobuniwa miaka ya 1960, mada za kawaida hukaa kwenye namba 650 na aina kwenye namba 655. Habari za umbo huwekwa kwenye namba 336 hadi 338.

Ufanye nini ukiwa na simu?

1. Andika kwanza mada au jina la mwandishi, kisha tafuta sehemu ya kuchuja majibu. Mara nyingi imeandikwa "Filter" au "Refine".

2. "Subject" hukuambia kitabu kinahusu nini. "Genre" hukuambia ni kitu gani. "Format" hukuambia kipo katika umbo gani.

3. Katalogi nyingi hutumia Kiingereza hata kwa vitabu vya Kiswahili. Tamthilia ni "Drama", riwaya ni "Novels", ushairi ni "Poetry". Ukiona "History and criticism", ujue ni uhakiki.

4. Angalia umbo kabla ya kukata tiketi. "E-book" husomwa kwenye mtandao, ila huenda ukahitaji nywila ya chuo. "Microfilm" husomwa kwa mashine maalumu, kwa hiyo uliza kwanza kama mashine ipo.

5. Usitegemee kuchuja kwa aina peke yake. Zamani riwaya au tamthilia moja moja mara nyingi haikuandikiwa aina yake, na rekodi nyingi za wakati huo hazijarekebishwa. Ukichuja, kitabu kinaweza kutoweka kwenye simu ilhali kipo rafuni. Kikikosekana, ondoa kichujio utafute tena kwa jina la kitabu.

Ukikwama, mpigie au mwandikie mkutubi kabla ya kusafiri. Ujumbe mfupi unatosha: "Natafuta tamthilia yenyewe, siyo uhakiki wake. Je, mnayo ya karatasi, na ipo rafuni leo?" Hapo umemtajia aina na umbo kwa pamoja, naye atajua pa kuangalia.