Mwindo

Mwindo ni shujaa wa utendi wa Wanyanga, watu wa misitu ya Walikale, magharibi ya Goma. Simulizi yake maarufu iliimbwa na manju Rureke mwaka 1956, ikachapishwa 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene.

Shemwindo, mtemi wa Tubondo, aliwaamuru wake zake saba wazae mabinti tu. Mwindo akazaliwa akiwa tayari anasema na kutembea, usinga mkononi. Baba akamzika hai, kisha akamtia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Akapona, akaenda kwa shangazi yake Iyangura, mke wa Mukiti, nyoka wa majini.

Sehemu yenye mvuto mkubwa ni safari ya kuzimu. Mwindo anamsaka baba aliyemkimbia na kujificha kwa Muisa, mtawala wa huko. Mlangoni anamwosha vidonda vya buba Kahindo, binti Muisa, naye anamwonya asikubali kiti, pombe wala chakula cha huko. Huruma hiyo inamsaidia kuokoka. Baba anasamehewa, nao wanagawana utawala.

Baadaye Mwindo analiua joka Kirimu. Nkuba, bwana wa radi na rafiki wa joka hilo, anampandisha mbinguni. Huko anateswa mwaka mzima kwa baridi, mvua na jua, na kurudi akiwa amepigwa marufuku kuua wanyama.