Nani ameshika swichi? Sauti ilivyosafiri Nachingwea, na inavyosafiri leo kwenye simu yako

Hebu vuta picha hii. Ni mwisho wa miaka ya 1960, kaskazini mwa Msumbiji, usiku. Watu wachache wamejifungia ndani na redio ya betri, sauti imepunguzwa mpaka inabidi uinamishe sikio. Inayosikika ni Sauti ya FRELIMO, kwa Kireno na kwa lugha za Msumbiji wenyewe, ikirushwa kutoka Dar es Salaam. Mmoja wao yuko mlangoni anachungulia njia, maana ukidakwa na PIDE, polisi wa siri wa Wareno, hakuna maelezo yatakayokuokoa. Kesho yake asubuhi mmoja anaenda shamba, mwingine anaenda kisimani, na kila mmoja anamnong'oneza yule anayemwamini.

Sasa nikuulize wewe msomaji: katika safari hiyo ya habari, kituo cha redio ni kipi? Mnara wa Dar es Salaam, sawa. Lakini yule mama wa kisimani je? Naye amepokea, naye amerusha. Mainjinia wa mitandao wana jina la mtu wa aina yake: rika, yaani mwanachama wa mtandao anayepokea na kugawa kwa wakati mmoja, bila bosi. Wazo hilo ndilo limejificha ndani ya teknolojia ya kutiririsha sauti rika kwa rika. Kwa kuwa wengi wetu tunadhani lilizaliwa Marekani pamoja na Napster, nimeona tulianzie kusini, Nachingwea na Ruangwa.

Kwa nini Nachingwea? Kwa sababu upande wetu wa Ruvuma ndipo ilipokuwa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO. Chama kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, vita vikaanza Septemba 1964, na kambi ya Nachingwea ikafunguliwa kwenye ardhi iliyoachwa na mradi mwingine kabisa: ule mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufutwa 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. (Mradi ule ulijengewa mpaka reli, kutoka pwani hadi Nachingwea. Karanga za kubeba hazikuonekana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe ikang'olewa. Ningeweza kuandika makala nzima juu ya hilo, ila leo si siku yake.) Jina la Farm 17 lililobaki ni la enzi hizo za mashamba. Hapo ndipo Samora Machel alipofundisha wapiganaji, na kutoka Nachingwea alianza safari yake ya Mei 1975 ya kuvuka Ruvuma na kushuka hadi Maputo kupokea uhuru.

Wapiganaji walivuka mto kwa miguu. Sauti ilivuka kwa masafa mafupi. Mawimbi haya, kati ya megahezi 3 na 30, yana tabia nzuri sana: hupanda juu, hugonga tabaka la angahewa lenye chembe za umeme, yakarudi ardhini mbali kabisa na yalikotoka. Huhitaji waya wala mnara katikati. Idhaa ya nje ya Radio Tanzania iliwapa muda hewani FRELIMO, ANC, SWAPO na wengineo, na mnara mmoja ukasikika nchi kadhaa.

Utamu wa redio uko hapa: msikilizaji wa elfu moja hamgharimu mrushaji hata senti. Wimbi likishatoka limetoka. Ubaya wake ni kwamba mlango ni mmoja. Anayetaka kukunyamazisha anarusha kelele kwenye masafa yale yale, au anauendea mnara wenyewe. Na asipouweza mnara, kwa kuwa uko nchi nyingine, anabaki na njia ya tatu, ya kuwasaka wasikilizaji nyumba kwa nyumba. Hiyo ya tatu ndiyo PIDE walikuwa nayo, na ni kazi ngumu, kwa sababu ukimtoa mnong'onezaji mmoja habari inapitia kwa mwingine.

Turudi Tanzania. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Wazee wako wataikumbuka, waulize. Vikundi vilikusanyika kwenye redio moja, vikasikiliza kipindi, vikasoma kitabu, vikajadili, kisha vikaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka madimbwi, kuchemsha maji. Walioshiriki walikadiriwa kufika milioni 2, na viongozi wa vikundi waliofundishwa walikuwa kama 75,000.

Sasa itazame kampeni ile kwa jicho la injinia. Taasisi haikuwafundisha watu 75,000 ukumbini Dar es Salaam. Ilifundisha wachache, hao wakafundisha wengine mikoani na wilayani, na hao wakafundisha viongozi wa vikundi. Huo ni mti: shina, matawi, vijitawi, majani. Na ndilo umbo lile lile ambalo watafiti wa intaneti walilijaribu kwanza walipotaka kurusha sauti bila kuwa na seva kubwa.

Shida yao ilikuwa ya hesabu. Machi 1992 mkutano wa wahandisi wa intaneti huko San Diego ulirushwa kwa sauti hadi vituo 20, na watu wakashangilia. Lakini intaneti ya kawaida si wimbi la redio. Kila msikilizaji anahitaji nakala yake. Chukua sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde, ambayo ni ya kawaida tu: saa moja ni megabaiti 28.8. Wasikilizaji 1,000 wanakuwa gigabaiti 28.8 kwa saa, na bili ni yako wewe mwenye kituo. Yaani ukipendwa zaidi ndivyo unavyofilisika haraka.

Basi wakasema, tufanye mti. Mimi nawatumia wawili, kila mmoja wao anawatumia wawili, na kuendelea. Kwa ngazi 9 tu unawafikia watu 1,022. Umelipia nakala mbili! PeerCast, programu ya redio ya intaneti iliyotoka 2002, ilikwenda kwa mtindo huu wa wasikilizaji kupokezana.

Lakini mti una maradhi yake. Chukua hao hao 1,022. Mmoja wa wale wawili wa juu akizima kompyuta yake, wengine 510 waliokuwa chini yake wanabaki kimya. Halafu kuna la haki: wale wa ngazi ya mwisho ni 512, zaidi ya nusu ya mtandao, na hawampi mtu chochote. Wanakula tu. Wa juu wanabeba, majani yanapepea.

Mtu ni Afya ingekufa kwa maradhi haya haya kama isingekuwa na dawa, na dawa ilikuwa kitabu. Mvua ikinyesha, betri zikiisha, kikundi kikikosa kipindi cha wiki hii, maneno bado yapo mikononi. Kikundi kilikuwa na nakala ya pili iliyofika kwa njia nyingine. Wahandisi wa mitandao ilibidi wafike hapo hapo kwa njia yao. Mwaka 2004 watafiti wa Hong Kong walitoa mfumo ulioitwa CoolStreaming, ambao uliuacha mti kabisa. Sauti na picha hukatwa vipande vya sekunde moja moja vyenye namba. Kila kompyuta ina majirani kadhaa, na kila baada ya muda mfupi inawaonyesha orodha ya vipande 120: hiki ninacho, hiki sina. Jirani anaomba anachokosa kutoka kwa yeyote aliyenacho. Hakuna mkubwa. Akiondoka mmoja unamgeukia mwingine, na kama akiba yako haijaisha hutasikia hata kukwama. Kwa kifupi ni kama kuazimana chumvi mtaani.

Gharama yake ni muda. Ili vipande viwe na nafasi ya kuzunguka, inabidi usikilize nyuma kidogo ya tukio lenyewe, sekunde kadhaa au hata zaidi. Kwa hotuba si tatizo. Kwa mpira ni balaa. Namungo FC ya Ruangwa, iliyofika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la CAF msimu wa 2020/21, ikipata bao, jirani yako mwenye redio ya kawaida atapiga kelele wakati simu yako bado inakwambia mpira uko katikati ya uwanja. We acha tu.

Mfumo huu ulifika mbali kuliko watu wanavyojua. Spotify ilipoanza mwaka 2008, programu yake ya kompyuta ilikuwa ya rika kwa rika. Wahandisi wake walichapisha takwimu mwaka 2010: ni asilimia 8.8 tu ya data ya muziki ndiyo ilitoka kwenye seva za kampuni. Asilimia 35.8 ilitoka kwa wasikilizaji wengine, na 55.4 kwenye akiba ya kompyuta ya msikilizaji mwenyewe. Mwaka 2014 kampuni ikaachana na mtindo huo, kwa kuwa sasa ilikuwa na seva za kutosha. Ilipofungua huduma Tanzania mwaka 2021, sisi tulikuta seva peke yake.

Kumbuka pia kwamba hata zamani ile simu hazikushirikishwa, ni kompyuta tu. Hapa ndipo kusini mwa Tanzania kunapotufundisha kitu ambacho vitabu vya Ulaya hupita haraka. Rika kwa rika inadhani kwamba kutuma ni bure. Ruangwa kutuma si bure: bando linaliwa ukipokea na linaliwa ukituma. Katika mtandao wowote wa rika kila nakala iliyopokelewa imetumwa na mtu fulani, kwa hiyo kwa wastani ile saa yako ya megabaiti 28.8 inakuwa 57.6. Halafu betri nayo inakwenda. Na kuna kikwazo cha tatu, cha anwani. Mitandao ya simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya intaneti, kwa hiyo simu yako inaweza kutoka nje kubisha hodi, lakini mgeni akija hajui mlango wako ni upi. Rika wawili wa namna hiyo wakitafutana, inabidi mara nyingi apatikane mtu wa kati. Na ukishakuwa na mtu wa kati, umerudi kwenye seva.

Ndiyo maana mtandao wa kweli wa rika kwa rika ambao watu wa kawaida wameutumia huku haukupita intaneti. Ulikuwa kaseti iliyorekodiwa juu ya kaseti, kisha memori kadi iliyojazwa nyimbo kwenye kibanda chenye kompyuta, kisha Bluetooth kati ya simu mbili zilizowekwa mezani. Polepole, ndiyo, lakini huombi ruhusa ya mtu na hulipi bando.

Utauliza, basi hasara iko wapi? Fikiria mkulima wa ufuta au korosho chini ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mnada umefanyika, katibu wa AMCOS anarekodi bei kwa sauti na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Sauti hiyo inatoka Nachingwea, inapita kwenye seva za WhatsApp zilizo nje ya nchi, ndipo irudi kwa mtu wa Ruangwa, wilaya ya jirani. Siku za kawaida huoni tofauti. Tarehe 12 Mei 2024 tofauti ilionekana: nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikasinzia Tanzania na kwa majirani. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na haikurejea mpaka mwanzoni mwa Novemba. Mara ya kwanza ni bahari, mara ya pili ni swichi. Kwa mwenye simu mkononi matokeo ni yale yale: hata aliye wilaya jirani humfikii kwa intaneti.

Watu wamejaribu njia nyingine. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010 mradi wa Serval wa Australia ulitengeneza programu ya simu kuongea zenyewe kwa Wi-Fi bila mnara. Mankosi, kijiji cha Rasi ya Mashariki Afrika Kusini, wanakijiji wana mtandao wao unaoitwa Zenzeleni, na walioumiliki ni ushirika, kama AMCOS tu. Hapa kwetu Kondoa nayo imeanzisha mtandao wa jamii unaotumia masafa ya televisheni yasiyotumika. Katika mitandao ya namna hii sauti ya mtu wa kijijini inaweza kumfikia jirani yake bila kutoka kijijini, ikiwa tu mashine ya kuihifadhi imewekwa humo humo.

Kwa maoni yangu, kama ningepewa ruta kumi za kufunga kati ya Nachingwea na Ruangwa, nisingeanza na simu za watu. Ningeanza na maghala ya AMCOS: yana paa la kuwekea sola, yana mtu anayeshinda pale msimu wote, na yanajuana. Ghala linashika vipande vya sauti na kuvipitisha kwa ghala la pili, na mwenye simu anapita kuvichukua kwa Wi-Fi bila kukatwa bando. Kila ghala lingeunganishwa na mawili au matatu, si moja. Na ningebandika karatasi ya bei ukutani, kwa ajili ya siku ruta itakapopigwa na radi.