Malaika wa Maji: Sanamu ya New York iliyozaliwa na kiu ya maji safi

Ukifika Central Park, jijini New York, huwezi kumkosa. Ni malaika wa kike mwenye mabawa, amesimama juu kabisa ya chemchemi, maji yakimwagika chini ya miguu yake huku watalii wakipiga selfie.

Wengi hudhani ni pambo la bustani tu, au sanamu ya dini. Lakini malaika huyu aliwekwa pale kwa sababu ya kitu ambacho leo wakazi wa jiji hilo hawakiwazii hata kidogo: maji safi ya bomba.

Jiji lililokunywa uchafu

Mwanzoni mwa karne ya 19, watu wa New York walitegemea visima na mabwawa yaliyokuwa katikati ya makazi yao. Vyoo, mazizi na viwanda vya ngozi vilikuwa jirani. Mwenye fedha alinunua maji kwa wachuuzi. Asiye nazo alikunywa aliyoyapata.

Mwaka 1832 kipindupindu kiliingia. Zaidi ya watu 3,000 walifariki ndani ya miezi michache, na waliokuwa na uwezo wakakimbilia mashambani. Wakati huo hakuna aliyejua kwa hakika ugonjwa unaenea vipi. Wengi walilaumu hewa chafu, na wengine wakawalaumu maskini wenyewe.

Miaka mitatu baadaye, Desemba 1835, moto mkubwa uliteketeza mamia ya majengo. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba maji yaliganda kwenye mipira ya wazima moto.

Hapo jiji halikuwa na ujanja tena. Mwaka 1837 ujenzi ulianza wa mfereji wa kuleta maji kutoka Mto Croton, kaskazini mwa jiji. Ulikuwa na urefu wa kilomita 66 hivi, na maji yalishuka kwa mteremko tu, bila pampu. Mwaka 1842 yalifika mjini, na jiji zima likasherehekea.

Kazi yapewa mwanamke

Central Park ilipobuniwa na Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, chemchemi hii ndiyo ilikuwa na sanamu pekee iliyokuwemo kwenye mpango wa awali wa bustani. Kazi ya kuichonga alipewa Emma Stebbins, mzaliwa wa New York aliyekuwa akiishi Roma, Italia.

Stebbins ndiye mwanamke wa kwanza kupewa na jiji hilo kazi kubwa ya sanaa ya umma. Maneno hayakukosekana, maana kaka yake, Henry Stebbins, alikuwa kigogo katika bodi ya bustani.

Alitengeneza umbo la sanamu akiwa Roma. Kisha ilimiminwa Munich, Ujerumani, kwa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Ilizinduliwa Mei 1873, na sifa hazikuja haraka: gazeti la New York Times liliiponda waziwazi.

Stebbins alikuwa na mzigo mwingine pia. Mwenza wake, mwigizaji maarufu Charlotte Cushman, alikuwa akiugua saratani ya matiti, naye ndiye aliyemuuguza hadi alipofariki mwaka 1876. Baada ya hapo Stebbins hakufanya tena kazi kubwa ya sanamu. Alifariki mwaka 1882.

Sanamu inasema nini?

Malaika ana urefu wa takriban mita 2.4. Mkono mmoja ameshika ua la yungiyungi, ishara ya usafi. Mwingine ameunyoosha juu ya maji, kama anayeyabariki.

Chini yake wapo watoto wanne wanaowakilisha Kiasi, Usafi, Afya na Amani.

Wazo lilitoka katika Injili ya Yohana, sura ya 5, inayosimulia birika ambalo wagonjwa walikaa kando yake wakisubiri maji yatibuliwe ili wapone. Ndiyo maana chemchemi inaitwa Bethesda. Stebbins mwenyewe alilinganisha birika hilo na maji ya Croton: yote mawili yalileta uzima.

Je, maji pekee yalitosha?

Hapana. Kipindupindu kilirudi mwaka 1849, miaka saba baada ya bomba kufika, na kikaua maelfu. Nyumba nyingi za maskini hazikuwa zimeunganishwa, na mfumo wa majitaka ulikuwa duni. Mlipuko wa mwaka 1866 ulidhibitiwa vizuri zaidi, baada ya jiji kuunda bodi ya afya yenye meno, iliyosimamia usafi wa mitaa na nyumba.

Ilikauka, ikafufuka

Katikati ya karne ya 20 bustani iliachwa ikachakaa, na chemchemi yenyewe ikakaa miaka mingi bila maji. Shirika la Central Park Conservancy, lililoanzishwa mwaka 1980, liliifanyia ukarabati na maji yakaanza kutiririka tena.

Leo maharusi hupigwa picha hapo na wanamuziki hupiga vyombo pembeni. Ukipita, mtazame malaika vizuri. Hakuna jenerali wala mfalme anayetukuzwa hapo. Kinachoshukuriwa ni maji ambayo mtu anaweza kuyanywa bila kuogopa kufa.