Shoka la Mhunzi na Shoka la Duka

Mwezi wa Julai, baridi ya Mlima Kenya inaposhuka hadi Nyeri na Karatina, huenda nawe hutumwa nyuma ya nyumba kuchanja kuni. Kabla hujaliinua shoka, litazame. Je, mpini umepenya katika shoka, au shoka limepenya katika mpini? Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna historia ya nchi hii, na pengine usalama wa mguu wako.

Kabla ya Waingereza kujenga boma lao Nyeri mwaka 1902, zana za chuma zilitoka kwa wahunzi wa Kikuyu, walioitwa aturi. Walichota mitoni mchanga mweusi wenye chuma, wakauosha hata takataka nyepesi zikachukuliwa na maji, kisha wakauchoma kwa moto wa makaa uliovuviwa kwa viriba, hata likapatikana bonge la chuma. Katika chuma hicho walifua mikuki, sime, na shoka jembamba liitwalo ithanwa. Shoka hilo halikuwa na tundu. Nyuma lilikuwa na mkia uliochongoka, nao ulipigiliwa katika kichwa kinene cha mpini. Angalia werevu wa jambo hili: kila pigo liliuzamisha mkia zaidi katika mti. Shoka lililotumika sana lilizidi kukaza.

Nalo lilitosha, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuangusha miti na kukata matawi. Kuni za jikoni zilikuwa kazi ya wanawake, ambao waliokota matawi makavu na kuyabeba mgongoni kwa ukanda uliopita juu ya paji la uso. Mugumo haukuguswa. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940, alieleza katika kitabu cha maisha yake jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mti huo.

Mambo yaligeuka mwanzoni mwa karne ya 20 ilipoletwa miti ya Australia: mikaratusi, iliyopandwa ili kupata kuni za magari ya moshi, na miwati, ambayo maganda yake yaliuzwa kwa kazi ya kulainisha ngozi. Mwati ukisha ambuliwa maganda, gogo hubaki. Tena, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, watu walikatazwa kuingia msituni, na mwenye miti shambani akawa mwenye heri. Basi kuni hazikuwa tena matawi ya kuvunjwa kwa goti, bali magogo ya kupasuliwa.

Hapo ndipo shoka la duka lilipofaa. Lina mashavu mapana, kwa hiyo hutanua ufa pale ambapo ithanwa lingenasa. Lakini mpini wake hupita katika tundu, na shoka la namna hii halijikazi lenyewe. Mpini uliotiwa mbichi hunywea ukikauka. Kichwa hulegea, na siku moja huruka. Wengi hulilaza shoka katika ndoo ya maji. Mti huvimba, ndiyo, lakini ukikauka tena hulegea kuliko awali. Dawa yake ni mpini mkavu wenye nyuzi zilizonyooka, na kabari ndogo iliyopigiliwa katika ncha yake.

Mkaratusi upasue ungali mbichi, maana ukikauka huwa kama jiwe. Weka gogo juu ya kigogo kipana kinachokufikia magotini, ili ukikosa, shoka liishie humo, si katika muundi wako. Usilizuie gogo kwa mguu, hata kama umewaona wakubwa wakifanya hivyo (waombe wakuonyeshe makovu yao). Gogo nene lataka kabari ya chuma na nyundo kubwa. Usiigonge kabari kwa kisogo cha shoka, kwani kuta za tundu ni nyembamba, zaweza kupasuka. Na kabari ambayo kichwa chake kimechanua kama uyoga hurusha vipande vya chuma machoni. Ipige tupa kwanza, hata kingo zile ziishe.

Siku hizi mafundi wa jua kali hufua mashoka kwa chuma cha springi za magari makuukuu. Ni warithi wa aturi, ingawa mashoka yao yana tundu kama yale ya ng'ambo. Mara nyingi huuzwa kichwa kitupu. Mpini utauchonga wewe.