Bugando na Saratani za Kanda ya Ziwa

Anayekuja Mwanza kwa barabara ya Musoma hupita Magu, kisha Kisesa, na jiji humpokea Igoma. Watanzania wengi wanaijua kata hii kwa makaburi ya waliozama na meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Kwa watu wa Mara na Simiyu, Igoma ipo pia kwenye njia ya rufaa. Mgonjwa akiifikia, na bahasha ya hospitali ya wilaya mkononi, anajua kilima cha Bugando hakiko mbali tena.

Hospitali iliyo juu ya kilima hicho ilifunguliwa mwaka 1971, kazi ya Kanisa Katoliki kwa msaada wa wafadhili wa nje. Serikali iliitaifisha mwaka 1972, ikairudisha kwa Baraza la Maaskofu mwaka 1985, na tangu hapo pande mbili hizo zimeshirikiana kuiendesha. Hadithi hiyo husimuliwa mara nyingi. Isiyosimuliwa vya kutosha ni ya namna watu wa hospitali hiyo walivyojifunza kuzijua saratani za ukanda wao wenyewe.

Ziwa Victoria lilikuwa na nafasi katika elimu ya saratani duniani kabla Bugando haijajengwa. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliletewa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Mwaka uliofuata akachapisha maelezo ya uvimbe huo, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakaendesha gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakipitia Tanganyika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama zimewaona watoto wa namna hiyo. Ramani waliyoichora ilionyesha kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, kama malaria. Mwaka 1964, kutokana na uvimbe huohuo, Epstein, Achong na Barr waliona kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Mulago ilipata taasisi yake ya saratani mwaka 1967. Upande wetu wa ziwa ulisubiri.

Kusubiri huko kulikuwa na gharama kubwa. Kwa miaka mingi tiba ya mionzi ilipatikana katika hospitali ya saratani ya Ocean Road tu, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Mwanza. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi kutoka Ukerewe alihitaji nauli, mahali pa kulala kwa wiki kadhaa, na mtu wa kubaki na watoto. Wengi walichagua kurudi nyumbani, na sidhani kama kuna mwenye haki ya kuwalaumu.

Bugando haikuanza na mashine. Ilianza na hadubini. Bila mtaalamu wa patholojia kuangalia kinyama kilichokatwa, daktari hutibu kwa kubahatisha, na hapa wataalamu wa Italia kutoka Forlì, akiwamo Vittorio Tison, wanastahili shukrani kwa kusaidia kuijenga maabara ya patholojia. Mwaka 2003 chuo cha udaktari kikafunguliwa palepale kilimani, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino; leo ni CUHAS, chuo kikuu kinachojitegemea. Padri Peter Le Jacq, daktari na mwanashirika wa Maryknoll, alisaidia kukiunganisha na Chuo cha Tiba cha Weill Cornell cha New York. Mwaka 2009 ikaanzishwa idara ya saratani, ambayo Dkt. Nestory Masalu aliiongoza. Dripu za dawa za saratani zikapatikana Mwanza, na kabla muongo wa 2010 haujaisha mionzi nayo ikafika.

Kwangu, jambo kubwa zaidi ni kwamba waliotibu walianza pia kuuliza. Peter Rambau na wenzake walipitia mafaili ya wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu, wakachapisha matokeo mwaka 2013: karibu nusu yao walikuwa na kichocho. Ni kile kichocho cha kukojoa damu, ambacho watoto wa Usukumani hukipata malamboni na kwenye majaruba ya mpunga, na ambacho wazee wengi walikichukulia kuwa sehemu ya kukua. Daktari aliyesomea Ulaya hufundishwa kumuuliza mgonjwa wa kibofu kuhusu sigara. Aliyesomea Bugando anajua kumuuliza pia alioga wapi utotoni. Kuanzia 2010 hadi 2016, Bugando na hospitali ya Shirati, mkoani Mara, zilishiriki utafiti wa nchi tatu, Tanzania, Kenya na Uganda, kuhusu uvimbe wa Burkitt, zikiendeleza maswali yaliyoachwa na ile safari ya 1961.

Kisha kuna rejista ya saratani ya Mwanza, kazi isiyopigwa picha. Makarani hukusanya umri, makazi na aina ya saratani, jalada kwa jalada. Waliozama na MV Bukoba wana makaburi Igoma, na taifa huwakumbuka kila Mei. Waliokufa kwa saratani vijijini kabla ya rejista hawakuhesabiwa popote. Bila hesabu, mipango ya dawa, vitanda na madaktari bingwa hufanywa gizani.

Chini ya kilima, ndani ya jiji hilohilo, watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, NIMR, na kituo cha majaribio cha MITU, wakiwamo John Changalucha na Deborah Watson-Jones, walichanja wasichana 930 wa umri wa miaka 9 hadi 14 dhidi ya kirusi cha HPV, kisababishi cha saratani ya mlango wa kizazi. Wengine walipata dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Damu zao zilionyesha kwamba hata dozi moja huamsha kinga na kinga hiyo hudumu. Matokeo yalitoka mwaka 2022, mwaka uleule Shirika la Afya Duniani lilipoikubali ratiba ya dozi moja. Tanzania, iliyoanza na dozi mbili mwaka 2018, ilihamia dozi moja mwaka 2024, na chanjo ikapelekwa mashuleni nchi nzima.