Sindano ya Tezi: Kutoka Entebbe Hadi Moshi
Mwaka 1904, huko Entebbe, madaktari Greig na Gray waliwachoma sindano kwenye tezi za limfu wagonjwa wa malale, wakavuta majimaji na kuviona vimelea kwa hadubini.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, tezi ya shingo ikivimba, kifua kikuu ndicho hushukiwa kwanza. Si ajabu: hospitali ya kifua kikuu ya Kibong'oto ilianza huko mwaka 1926.

Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971. Mwaka uliofuata, Kikuchi na Fujimoto wa Japani walieleza ugonjwa nadra wa tezi, ambao pengine huandamana na lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe. Hapa pia, kama kule Entebbe, tone lililovutwa kwenye tezi kwa sindano hupakwa kiooni na kutiwa rangi. Mabaki ya seli zilizovunjika, pasipo usaha, humpa mtaalamu fununu ya ugonjwa huo. Kuthibitisha, mara nyingi hukatwa tezi nzima.

Tezi isiyonywea kwa dawa za kifua kikuu ipimwe upya.