Frasila moja ya kioo: safari ya skrini katika njia ya Unyanyembe

Mzee alikuwa amesimama nyuma ya mabega ya mama mchapaji, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine karatasi iliyokunjwa mara nne. Barua yake ya kuomba kiwanja ilishachapwa, ilikuwa pale kwenye kioo ikisubiri kukaguliwa. Yeye hakuiona.

“Mwanangu, mbona naona weupe mtupu?”

“Inama kidogo, babu. Shuka mpaka usawa wa macho yangu.”

Mama alijibu bila kugeuka, kwa namna ya mtu anayeulizwa swali hilo kila siku. Mzee akaegemea fimbo, akainama taratibu mpaka kidevu kikakaribia bega la mchapaji, ndipo herufi zikajitokeza. Alisoma jina lake akiwa ameinama vile, kama mtu aliyekwenda kuomba radhi.

Hapa ni Choma cha Nkola, wilaya ya Igunga, kaskazini mashariki mwa mkoa wa Tabora, nchi ya pamba na ng'ombe. Kila mji mdogo wa magharibi mwa Tanzania una duka kama hili: steshenari yenye kompyuta moja au mbili, printa, mashine ya fotokopi, na benchi la wateja. Wanafunzi huja kuangalia matokeo, vijana huja kutuma maombi ya ajira na mikopo ya chuo, wazee huja na barua zao. Wengi wao hawagusi kompyuta. Hukutana na kioo chake tu, tena kwa kuchungulia kutoka nyuma.

Kioo kilichomwinamisha mzee yule kilikuwa flati ya mtumba, pana na fupi, inchi 18.5. Mama aliniuliza kama kuna kingine kinachofaa zaidi. Swali hilo, la kuchagua kinachofaa, lina umri mkubwa katika njia ya misafara ya Unyanyembe.

Novemba 1857, wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh ya Unyanyembe, ambayo leo ni sehemu ya Tabora, baada ya siku zaidi ya 130 kutoka pwani. Burton aliandika kwa kirefu kuhusu bidhaa zilizobebwa na misafara: merikani, kaniki, nyaya za shaba, na shanga za aina nyingi mno. Stanley, aliyepita Unyanyembe mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, naye alisumbuka na jambo hilohilo. Shanga iliyopendwa Ugogo iliweza kukataliwa Unyamwezi. Nyekundu ya samsam ikapokewa huku, nyeusi ikarushwa kule. Aliyenunua Unguja kwa kufuata bei au kwa kufuata maneno ya muuza duka alijikuta katikati ya nchi na mizigo isiyomlisha. Aliyewauliza kwanza Wanyamwezi waliokwisha kuipita njia alifika.

Na kila kitu kilipimwa kwa bega la mpagazi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Frasila moja ni ratili 35, karibu kilo 16. Naikumbuka hesabu hiyo kila nikiona monita ya zamani ya inchi 17, ile ya chogo, kwa sababu uzito wake ni uleule: frasila moja, wakati mwingine na ziada. Mpagazi wa Kinyamwezi angebeba mbili, moja kila upande wa mti.

Chogo halikuwa mapambo. Mwaka 1897 Mjerumani Karl Ferdinand Braun alitengeneza mtungi wa kioo uliotolewa hewa ndani, ukirusha elektroni kutoka nyuma kwenda kugonga uso wa mbele uliopakwa unga unaong'aa. Sumaku huuyumbisha mshale ule wa elektroni kulia na kushoto, juu na chini, mstari kwa mstari, upesi kiasi kwamba jicho huona picha nzima. Ili mshale ufike pembeni lazima uanzie mbali, na umbali huo ndio kichogo. Ukitaka uso mpana unaongeza kichogo. Kioo chenyewe hufanywa kinene, kikachanganywa na risasi ili kuzuia mionzi. Uzito wote unatoka hapo.

Bara tuliuchelewa mtungi huo. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya hesabu za serikali iliyokabidhiwa mashine ilikwenda vibaya, fedha za kigeni zikateketea, na mwaka 1974 ikatoka amri ya kuzuia uingizaji wa kompyuta pamoja na seti za televisheni. Vitu viwili katika amri moja. Unguja wakati huo ilishaanza kuwa na televisheni yake, tena ya rangi. Huku bara, Mwalimu Nyerere, aliyesomeshwa Tabora na baadaye akafundisha St. Mary's palepale mjini, aliona nchi ina mahitaji yaliyotangulia. Mtu anaweza kubishana na uamuzi ule mpaka kesho. Mimi naona hofu ya kununua ghali kitu usichoweza kukitengeneza ilikuwa hofu ya haki, lakini miaka ilikuwa mingi mno. Kizazi kizima cha makarani kilistaafu kwenye taipureta.

Zuio lililegea mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1994 vituo vya kwanza vya televisheni vya watu binafsi vikaanza Dar es Salaam. Ndipo machogo yalipopanda gari moshi. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 ilibeba frasila za kioo kutoka bandarini, hatua ya pili ya safari ikawa juu ya malori na carrier za baiskeli. Vibanda umiza vikajaa: televisheni moja juu ya kabati, watu mia sakafuni, na wote waliona. Hilo nitalirudia, kwamba wote waliona. Mtungi wa Braun hutoa mwanga wake wenyewe usoni pa kioo, na mwanga huo huenda kila upande. Mtoto aliyeketi pembeni kabisa aliona rangi sawa na aliyekaa katikati.

Flati ilizaliwa upande mwingine kabisa, na mrina asali wa Sikonge angeuelewa mwanzo wake upesi kuliko mimi. Nta ukiipasha moto inayeyuka mara moja: ilikuwa ngumu, imekuwa maji. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer, akiwa Prague, alipasha kitu alichokitoa kwenye karoti, kikayeyuka mara mbili. Kwenye nyuzijoto 145 na nusu kilikuwa uji wenye ukungu, kwenye 178 na nusu ukungu ukaondoka. Katika ule uji wa kati, chembe zilitiririka kama maji huku zimejipanga kama kitu kigumu. Mjerumani Otto Lehmann aliichunguza hali hiyo na kuipa jina la fuwele za maji.

Ilikaa maabara miaka themanini. Mwaka 1968 kampuni ya RCA ya Marekani ilionyesha kwamba umeme unaweza kuzigeuza fuwele hizo zikatoa maandishi. Mwishoni mwa 1970, Martin Schadt na Wolfgang Helfrich wa Basel, Uswisi, walipata njia iliyofanya kazi kwa umeme kidogo sana. Fuwele hupangwa kama ngazi ya mzunguko kati ya vichujio viwili vya mwanga. Mwanga hupita kwa kufuata mzunguko. Ukitia umeme ngazi inanyooka, mwanga unazuiwa. Saa za Casio na vikokotozi vya wafanyabiashara wa soko la Tabora vilifika na ngazi hizo miaka mingi kabla ya kompyuta. Kioo cha leo kina nukta zaidi ya milioni mbili, kila moja na vijimlango vitatu, chekundu, cha kijani na cha bluu, na taa nyuma yake.

Basi fuwele zenyewe hazing'ai. Zinachuja mwanga wa taa, na ngazi ya mzunguko inachuja sawasawa kwa anayeitazama uso kwa uso. Anayetazama kutoka juu anauona mwanga uliovuja, herufi zinafifia. Anayetazama kutoka chini anaona giza. Aina hiyo ndiyo inayoitwa TN, ndiyo ya bei ndogo, ndiyo iliyojaa kwenye mitumba. Mzee wa Choma aliinama kwa sababu ya ngazi ya Basel.

Hitachi ya Japani ilitoa dawa mwaka 1996. Badala ya kuzisimamisha fuwele, waliziacha zilale sambamba na kioo na kuzizungusha zikiwa zimelala. Aina hii huitwa IPS. Ukisimama, ukikaa pembeni, ukichungulia begani, picha ni ileile. Kuna ya tatu, VA, nyeusi yake ni nyeusi kweli na inapendeza kwa filamu usiku, ila pembeni rangi hupauka kiasi. Muuzaji mara nyingi atakutajia inchi na jina la kampuni. Herufi hizi mbili au tatu hatazitaja usipouliza.

Machogo yalianza kuondoka Dar es Salaam, na Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa jijini, wengi wakaamini chogo limekufa rasmi. Halikufa, king'amuzi kiliunganishwa nalo vizuri tu. Lakini watu walishataka flati, na ofisi za Ulaya zilikuwa zinatoa zake za zamani kwa makontena. Njia ikawa Dubai, Kariakoo, Tabora, Nzega, Igunga, Choma.

Kilichoniuma mimi ni kwamba ule ujuzi wa shanga, wa kuuliza kabla ya kununua, haukusafiri na flati hizo. Miaka kadhaa nyuma nilinunua flati katika duka moja la mjini, ikawashwa mbele yangu kwenye picha ya ua jekundu, nikalipa. Nyumbani, ukurasa mweupe ulipofunguliwa, mstari wa kijani ulikuwa umesimama juu mpaka chini. Dukani walisema imeharibikia njiani. Tangu siku hiyo naomba nionyeshwe weupe mtupu, kisha weusi, kisha nyekundu, kijani na bluu, moja moja, kabla mkono haujaingia mfukoni.

Nilimwambia mama mchapaji mambo mengine niliyojifunza kwa mafundi wa njia hii. Inchi hupimwa mshazari, na mshazari unadanganya. Kioo chake cha inchi 18.5, kwa kuwa ni kipana, kina kimo cha sentimita 23 tu, na karatasi ya A4 ni sentimita 29.7. Ndiyo maana barua anaiona nusu nusu. Kioo cha zamani cha mraba, inchi 19, kina kimo cha sentimita 30, sawa na kipana cha inchi 24 ambacho bei yake ni nyingine. Kwa anayeangalia mpira kipana ni bora. Kwa anayechapa barua siku nzima, mraba uliodharauliwa ni mali.

Halafu umeme. Monita ya chogo ilikula wati 75 au zaidi. Flati ndogo ya taa za LED hula kama 20. Betri ya sola ya ampea-saa 100, ukiitumia nusu tu kwa usalama wake, italibeba chogo saa nane na flati saa thelathini, kabla ya kuhesabu sipiyu yenyewe na kinachopotea kwenye inveta. Zipo flati ambazo adapta yake iko nje, kwenye waya. Umeme ukirudi kwa kishindo, kwa kawaida adapta ndiyo hufa kwanza, nayo inapatikana sokoni. Ya ndani ikiungua, kioo kizima kinasafiri kwa fundi. Na tundu la VGA lazima liwepo, kama sipiyu yako ya mtumba haina jingine.

Nilirudi Choma baada ya msimu wa pamba. Mama alikuwa amekwenda Nzega mwenyewe. Alinisimulia kwamba muuzaji alimvutia kiti akae mbele ya kioo, akakataa. “Nikamwambia, kaka, kaa wewe. Mimi nitasimama, ndipo wanaposimama wateja wangu.” Alisimama nyuma ya vioo vinne, vitatu vikafifia, cha nne, cha mraba, hakikubadilika. Alikileta kwa pikipiki, kimefungwa katika blanketi, kimebanwa kati yake na dereva. Kilo tano na kidogo.

Sasa kiko mezani, juu ya matofali mawili yaliyofunikwa kitambaa ili kimo kiwe sawa. Nilipokuwa pale aliingia bibi mmoja aliyetaka barua ya kwenda kwa mtendaji wa kata. Alisimama wima mlangoni mwa kaunta, kanga mabegani, akaisoma midomo ikicheza, mstari kwa mstari, mpaka chini.

“Mama, hapo kwenye Igunga umeruka herufi.”

Mama akaangalia. Ilikuwa imeandikwa Iguga. Akaongeza n.